Maneno Matatu ya Jumanne

Mwanaidi, somo yangu, mke mwenzangu,

Umekufa. Naanza na hilo kwa sababu watu wote wa hapa wanalizunguka. Wananiambia umetangulia, umepumzika, umeitwa na Mwenyewe. Mie sikukulea kwa maneno ya kuzunguka. Umekufa, na mie bibi yako, niliyekupa jina langu kitovu chako kikiwa bado kibichi, nakuandikia kwenye kurasa ulizoziacha tupu katika daftari lako la kijani.

Mkono huu unajua kuandika kwa sababu yako. Wenzangu walipopelekwa shule, mie nilipelekwa kuchunga mbuzi wa mjomba, na nilipochoka na mbuzi nikaozwa. Nimefanya biashara miaka yote kwa kichwa na kwa mdomo. Wewe ndiye uliyenikalisha kitako kwenye chumba changu cha huku Guangzhou, karibu na stesheni ya Liuhua, ukaniambia, "Bibi, simu ya huku haina huruma na asiyesoma. Leo tunaanza na a. A ni mtu mwenye tumbo, ameegemea mkongojo." Nikakuambia huyo ni babu yako. Ukacheka. Tulikwenda hivyo, herufi baada ya herufi, mpaka nikaweza kusoma ujumbe wako bila kumwomba mtu.

Laiti ningebaki kuwa mtu wa kuomba asomewe. Ningemwomba mtu, na huyo mtu angeniambia, "Mama, mtoto anaumwa, nenda."

Barua hii siifungi. Achieng, yule mwenzako wa chumba, mtoto wa Nairobi anayeniita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao, ataiweka kwenye kundi la simu la wanafunzi na wafanyabiashara wetu wa hapa, na anayetaka aisome. Amenisahihishia vituo tu. Alitaka kuliondoa lile neno la kwanza, akaniambia, "Shosho, hiyo 'umekufa' imekaa vibaya." Nikamwambia, na imekaa vibaya kweli, iache.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponisindikiza Kangle? Vichochoro vile ambavyo jua haliingii, pikipiki zinapita na marobota ya vitambaa mpaka unajibana ukutani, na wenye karakana wamesimama barabarani, kila mmoja ameshika nguo ya mfano na kipande cha boksi kilichoandikwa malipo, wanatafuta washonaji wa siku hiyo. Ulinishika mkono kama mie ndiye mtoto. Tukaingia kwa yule mama wa nywele fupi tuliyemwita laoban, kama kila mwenye karakana anavyoitwa huku. Nilitaka gauni za watoto za sikukuu, zile za tabaka tatu zenye ua kiunoni, zifike Tanga kabla ya Idi.

Tulijaribu kumsemesha kwa ile programu ya kutafsiri ya kwenye simu. Kiswahili chetu kilipogeuzwa Kichina, mama wa watu alikunja uso kama aliyetafuna ndulele. Ukajaribu Kiingereza, akaitikia kwa kichwa. Basi ikawa ndiyo njia yetu: mie nasema Kiswahili, wewe unaandika Kiingereza, simu inampa yeye Kichina. Na hivyo ndivyo mwanamke wa mbuzi alivyoingia kwenye Kiingereza, kwa mlango wa nyuma.

Uliandika kwa adabu. Tafadhali, gauni ziwe tayari Ijumaa. Ijumaa tukaenda, kitambaa changu kimelala pembeni vilevile nilivyokiacha, na cherehani zote zinashona suruali za mama mmoja wa Kampala. Nikamuuliza yule mama, "Mwenzangu, wewe unawaandikia nini?" Akanitazama kwa huruma. "Dada, mimi naandika kama nyumba inaungua."

Tukasimama pale kizingitini, mvuke wa pasi unatuchoma miguu.

"Ongeza," nikakuambia.

"Niongeze nini, Bibi? Nimeshasema Ijumaa."

"Ongeza moto. Andika kama watu wanakufa."

"Lakini hakuna anayekufa, Bibi."

"Andika, we mtoto. Laoban hatakuja kuhesabu maiti."

Nilisema hivyo. Watu wengi huku wanadhani ulikuwa mchezo wako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unacheka. Mchezo ulikuwa wako, lakini amri ilikuwa yangu. Uliandika "urgently", yaani kwa haraka mno, na kesho yake kitambaa kikakatwa.

Safari ya pili "urgently" haikumsogeza mtu. Ilikuwa imeshakuwa salamu. Ukaongeza "desperately", yaani kama mtu aliyekata tamaa, anayening'inia. Vifungo vikashonwa siku ileile. Nikaona kumbe Kiingereza kina ghala zima la maneno haya ya mbio, na nikataka yote. Ukafungua daftari la kijani, hili hili, ukaanza kuyapanga upande mmoja, na upande wa pili ukaandika maana kwa namna ambayo mie ningeishika.

Nimefungua ukurasa huo sasa hivi. "Furiously": kama mvua ya masika inavyolipiga bati. "Frantically": kama kuku mwenye vifaranga aliyemwona mwewe. "Madly": kama kichaa. Hapo nilikuambia hilo halihitaji daftari, nimelala nalo kitanda kimoja na kulizalia watoto watano. Ukaweka kalamu chini, ukanikunjia uso. "Usimseme mume wetu, Bibi. Mie bado nampenda." Nikakuambia mchukue basi, kaburi lake unalijua lilipo. Tulikuwa tunaweza kusema hivyo, mie na wewe, kaburi likawa jambo la kuchekea.

Halafu likaja "feverishly". Ukaniambia ni kufanya jambo kama mtu mwenye homa.

"Mwenye homa anashona?" nikakuuliza.

"Ni mfano, Bibi. Yaani mikono haitulii, mtu anafanya kazi kama anachemka."

"Mwenye homa analala, anaangalia ukuta. Hata nzi hamfukuzi. Aliyelitunga neno hili hajaumwa siku hata moja."

"Sasa mie nifanye nini? Ndivyo walivyosema wenyewe."

"Waambie nimekataa."

Ulicheka mpaka chai ikakutoka puani. Ukaandika mbele ya neno lile: *Bibi amelikataa.* Mwandiko wako umeegemea upande mmoja pale, kwa kicheko. Nimeweka kidole juu yake. Nilikuwa najua, Mwanaidi. Niliijua homa ilivyo, nikakueleza kwa mdomo wangu mwenyewe, wewe ukaiandika. Kisha siku ilipokuja sikuitambua.

Tukayafanya maneno yale chakula chetu. Jumamosi ulipokuja kutoka hosteli ya chuo ulinikuta nasukuma chapati, unasema, "Bibi unasukuma furiously, utatoboa kibao." Mie nikienda soko la viatu pale Liuhua namwambia muuzaji, kwa sauti, kwamba natembea "frantically", anacheka bila kuelewa, ananivutia kigoda. Wenzangu wa biashara wakaniita Bibi Kiingereza. Nilijisikia. Uongo wa nini? Mtu ambaye hakusoma akipewa neno moja kubwa atalivaa mpaka kuogea.

Na simu zetu zikajaa. Wewe: "Bibi, nina njaa desperately." Mie: "Njoo, nimepika furiously." Wewe: "Nasoma frantically, mtihani wa uhandisi wa maji Jumatatu, niombee." Wewe tena, ukiwa umekaa hatua kumi kutoka kwangu, kwenye kochi: "Bibi, nimekukumbuka madly." Hatukuwa tena na jambo lililokuja bila neno la mbio nyuma yake. Tulizoea pilipili. Na mtu aliyezoea pilipili, ukimwekea wali mtupu anadhani hujapika bado.

Laoban alituonya. Ile siku ya mvua, ulipomwandikia kwamba gauni zinangojewa "desperately and frantically", hakujibu kwenye simu. Alitushika mikono, akatukalisha karibu na mashine ya kukunjia pindo, akatufungulia simu yake. Akaanza kuishusha kwa kidole, ujumbe baada ya ujumbe, kutoka kwa watu wa Lagos, wa Kampala, wa Nairobi, wa Kinshasa, wote wanakufa, wote wanaungua. Kisha akaisemesha simu kwa Kichina, ikatutolea Kiingereza, ukanigeuzia mie: "Anasema, ninyi nyote mnaungua kila siku. Nimzime nani kwanza?"

Mie nikakwambia, "Mwambie atuzime sisi." Ukatafsiri, lakini safari ile hukucheka.

Ukaenda nyumbani likizo. Dadako alikuwa anaolewa, na mie nilibaki kwa ajili ya mzigo. Ulirudi na visheti kwenye kopo la maziwa, na mikono imejaa hina mpaka kwenye viwiko, na miguu imejaa alama za mbu. Nikakuuliza kama ulilala ndani ya chandarua. "Bibi, nyumba ya harusi ina chandarua? Tulilala sebuleni wasichana kumi na mbili kama dagaa." Tukala visheti. Sikusema neno zaidi. Mie, ambaye sivuki bahari bila dawa mseto ya malaria ndani ya pochi, kwa sababu kila mfanyabiashara wa kwetu anajua kwamba malaria unaweza kupanda ndege nayo na ikakuamkia huku baada ya wiki mbili, ambako mtu akisikia homa anafikiria mafua. Pochi ilikuwa begani kwangu tulipokuwa tunakula. Dawa ilikuwa ndani.

Sasa Jumanne.

Nilikuwa Xintang, nje ya jiji, kwenye karakana za jinzi. Kontena lilikuwa limeshafika mlangoni, na nusu ya suruali zilikuwa bado hazijawekwa zipu. Nilipanga nilale huko siku mbili tatu, kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya karakana, niwasimamie. Achieng alikuwa amekwenda ziara ya masomo na darasa lake, ukabaki peke yako chumbani. Asubuhi, nimesimama juu ya marobota, simu ikatikisika.

*Bibi, nina homa.*

Maneno matatu. Nimeyasoma mara nyingi mno tangu siku ile, nayaona hata nikifumba macho. Hakuna "terribly", hakuna "desperately", hakuna kuku wala mwewe. Nikajisemea, basi ni homa ya mafua, kile kiyoyozi cha hosteli. Ingekuwa kubwa angeiandika kwa ukubwa wake. Nikapima neno lako kwa mizani ya Kangle, Mwanaidi. Nikaliona jepesi.

Nikakujibu. Nilijivunia hata jibu lenyewe, kwa sababu niliandika mwenyewe bila kosa: "Pole mke mwenzangu. Niko kazini furiously."

Jumatano mchana ukaandika: *Bibi, bado.*

Mawili sasa. Nilidhani unapona, ndiyo maana umefupisha. Nikakujibu unywe maji moto, halafu nikarudi kumgombeza fundi wa zipu. Nilimgombeza kwa yale maneno yetu yote, moja baada ya jingine, kijana wa watu akawa anacheka tu. Kumbe wakati ule ulikuwa umelala, unaangalia ukuta. Vilevile nilivyokueleza.

Alhamisi adhuhuri Achieng alirudi. Akanipigia. Yule mtoto unamjua, hasemi bila kupiga kelele, kila kitu kwake ni sinema. Siku ile alisema polepole, kama anayesoma. "Shosho, Mwanaidi haamki. Nimeita ambulensi. Kuja."

Ndipo niliposikia, Mwanaidi. Sauti ya mtu inapopata jambo zito kweli inateremka.

Njia ya kutoka Xintang siku ile sitaki kuisimulia. Nilikuwa kwenye teksi, gari zimejipanga mbele yetu, na mie nampigia dereva kelele za Kiingereza asichokijua. Nilipofika hospitali nilimshika nesi wa kwanza niliyemwona, nikamtolea ghala zima. "Urgently! Desperately! Frantically!" Mwanamke mzima na baibui limenitoka kichwani. Yule nesi hakuniambia kitu. Alikuwa anakimbia tayari, ameshika chupa ya damu, viatu vyake vinalia kwenye sakafu, na aliponipita alinigusa bega kidogo, akaendelea kukimbia. Hapo nikanyamaza. Niliona watu wote mle ndani waliokuwa wanapigania roho yako walikuwa kimya. Mwenye makelele nilikuwa mie peke yangu, na mie ndiye sikufanya kitu.

Daktari akaniuliza kwa simu yake ya kutafsiri ulikuwa umetoka wapi. Nikasema Afrika, Tanga, wiki mbili. Nikafungua pochi, nikaiweka ile dawa mezani. Akaiangalia. Akaniangalia mie. Simu ikanisomea Kiingereza, Achieng akanigeuzia: wanajua ni malaria, wameshaanza dawa, imepanda kichwani, wanajaribu.

Walijaribu. Ijumaa asubuhi ukafa.

Nilikuosha mie, pamoja na wanawake wawili wa msikitini, Waislamu wa hukuhuku, hatukuwa na lugha moja nao ila ile ya kuoshea maiti. Hina ilikuwa haijafutika mikononi. Nilikuosha siku uliyozaliwa, maana mamako alikuwa hoi, na nikakuosha siku hiyo. Katikati ya kuosha huko kuwili nilikuwa na kazi moja tu, kukutazama.

Babako aliposema uzikwe huku, kwa kuwa maiti hacheleweshwi, nilishukuru na nikaumia. Baada ya maziko aliniuliza swali moja kwenye simu. "Mama, alikuambia anaumwa?" Nikasema aliniambia. "Lini?" Nikasema Jumanne. Rajabu mwanangu hakuninyanyulia sauti. Angeninyanyulia ningeshukuru. Sasa kila Ijumaa ananipigia. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba." "Wazima huko?" "Wazima." Halafu tunasikilizana pumzi, halafu anakata. Mwanangu ananihesabia siku zile mbili, kutoka Jumanne mpaka Alhamisi, na ana haki. Nami nazihesabu.

Ananitaka nirudi nyumbani. Mie bado. Zamani nilikuwa mgeni hapa, nakuja na begi na kuondoka na kontena. Mtu mwenye kaburi mahali si mgeni tena. Nakuja kwako kila wiki, nakusomea Fatiha, nang'oa majani. Udongo wa huku ni mwekundu kama wa kwa mjomba, ungeniambia kwa nini, wewe ulikuwa mtu wa udongo na maji.

Nimeacha yale maneno. Sikuapa, yalinikatika tu mdomoni, kama ladha. Gauni za Idi nilizoagiza kabla hujafa niliziulizia kwa maneno yaliyobaki. Achieng akaniandikia: Nahitaji gauni Ijumaa. Bila mkia. Hazikuwa tayari Ijumaa, wala Ijumaa ya pili. Zilifika Tanga Idi imeshapita, watoto walivaa za mwaka jana. Wateja walinitukana sana. Hakuna aliyekufa. Kumbe hata siku ile ya kwanza hakuna ambaye angekufa, ulisema kweli, nami nikakuamrisha useme uongo, na nikakufundisha kwamba ukweli mtupu hausogezi mtu. Siku ulipokuwa huna nguvu ya kuupamba, uliuleta kwangu ulivyo. Mie ndiye nilikuwa laoban wako, mke mwenzangu. Nilikuacha kwenye foleni.

Laoban mwenyewe aliniuliza. Nilikwenda kuchukua mzigo, akaisemesha simu, nikaokota maneno mawili matatu ya Kiingereza chake: mbona siku hizi hupigi kelele, na yule msichana wako yuko wapi? Sikuwa na Kiingereza cha kumjibu. Nikamwonyesha picha yako, ile ya hina, kisha nikalaza mkono chini ya shavu, nikafumba macho. Akaelewa. Akanivutia kiti, akanipa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, akakaa kando yangu, magoti yake yamegusa yangu. Cherehani hazikusimama, wala sikutaka zisimame. Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa.

Sasa nikueleze la Achieng, ucheke kidogo huko uliko.

Juzi nilikuwa Liuhua, kwenye viatu vya shule, nimeshakubaliana na muuzaji, bado kufunga maboksi. Simu ikaniletea ujumbe: "Shosho, kichwa kinaniuma kidogo." Niliacha maboksi wazi. Muuzaji ananiita, mie huyo. Nikateremka kupanda treni ya chini ya ardhi, na magoti haya unayoyajua, nikasimama njia nzima kwa sababu nilishindwa kukaa. Nikapanda ngazi za hosteli yenu mpaka ghorofa ya tano. Nikafungua mlango bila kubisha. Nikamkuta amekaa kitandani, bakuli la tambi mapajani, anacheki sinema.

"Shosho! Nini mbaya? Nani amekufa?"

Nikamshika paji la uso. Baridi kama mtungi. Nikamshika shingo. Nikamwangalia macho, nikamfungua mdomo kama mbuzi.

"Shosho, wacha bana. Niliandika kidogo! Si nilisema ni kidogo?"

"Ndiyo maana nimekuja," nikamwambia.

Aliweka bakuli chini. Akaniangalia, akaangalia kitanda chako, ambacho mpaka leo hakuna aliyepewa, akaanza kulia kwa ile sauti yake kubwa ya sinema. Nami nikakaa kitandani kwako. Mara ya kwanza. Kutoka pale mtu akilala anauona ukuta. Kuna ufa mdogo wenye umbo la mkongojo, chini yake kuna alama ya mviringo. Ulikuwa unaangalia a yako ya kwanza siku zile mbili, au mie ndiye sasa naona herufi kila mahali.

Watu wa kundi wakishasoma hii watanitumia pole, na wataitilia maneno makubwa, "deeply", "terribly", sijui nini. Wasijisumbue. Wakitaka kunipa kitu, leo waingie kwenye simu zao wamtafute aliyewaandikia kwa ufupi, wakampigie.

Somo yangu, ulinizoea kukuaga kwa kukutuma. Nenda kaoge, nenda kasome, nenda kalale. Leo sina pa kukutuma. Uliyotumwa umeyamaliza. Lala hapo ulipolala, na huyo kichaa wetu babu yako akikukaribisha mwambie mke mkubwa bado ana kazi, asiwe na pupa.

Simu yako ninayo, Rajabu alisema nibaki nayo. Naichaji kila Jumatatu. Jana niliiweka kando ya yangu, hapa mezani, nikarudi kwenye ule ujumbe wako, *Bibi, nina homa*, na chini yake jibu langu la upuuzi. Nikaandika jibu upya. Limenichukua muda, kidole kilikuwa kinatafuta herufi. Simu yako ikatikisika mezani, ikawaka, ikaonyesha neno moja, halina mkia wala pilipili, lile lile ulilokuwa unalingoja Jumanne ile.

*Nakuja.*

Bibi yako